MREJESHO: Vizimba vya sato Ziwa Victoria na sheria ya mazingira

Wakuu, niliwauliza kama kikundi chetu hapa Mwanza kinaweza kuongeza vizimba vya sato (mabwawa ya nyavu ya kufugia samaki ziwani) bila kukiuka sheria ya mazingira. Asanteni sana, ushauri tumeufuata.

Inawezekana, ila si popote. Tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya Sheria ya mwaka 2004, ndiyo iliyoamua. Mtaalamu alipima oksijeni alfajiri, kina na mkondo, kisha akatuonyesha tope la chini ya vizimba vya zamani: jeusi, linanuka kama yai viza. Ni kinyesi na chakula kisicholiwa. Fosforasi yake hulisha mwani, na mwani ukioza oksijeni inaisha, samaki wanakufa. Kwa hiyo vizimba vipya vinakwenda kwenye kina kirefu penye mkondo. Ile ghuba tuliyoitaka tumeiacha. Inauma, ni karibu na nyumbani, lakini akina mama wanachota maji palepale.

Ghala la chakula nalo linahama: kifungu cha 57 cha Sheria hiyo kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Unayeanza, usinunue nyavu kabla ya kupata cheti cha mazingira. Chetu bado tunakisubiri.