Huyu mpiga picha wa Bamako ni nani?

Wakuu, nimekutana na picha ya kaka na dada wanacheza mziki, dada yuko peku kabisa, vichwa vinakaribia kugusana, eti ni Mali 1963. Nani kapiga?

— Malick Sidibé huyo. Studio yake ilikuwa Bagadadji, mtaa wa Bamako, usiku anazunguka kwenye mapati ya vijana na baiskeli, akirudi anasafisha picha usiku huohuo, halafu anazibandika nje watu waje kujitafuta.

— Na studioni walikuwa wanaingia hadi na pikipiki yaani, mtu apigwe picha nayo 😂 2007 akapewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya heshima ya kazi ya maisha kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kafariki 2016.

— Tena alikuwa fundi kamera, mashelfu yamejaa mbovu za watu.

Asanteni, ila huyo dada viatu kaacha wapi?