Mama ana kisukari, akitembea pumzi inakata. Nimnunulie mtungi wa oksijeni?

BintiTemeke: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 58, kisukari aina ya pili cha muda mrefu, anatumia metformini na glibenklamaidi. Daktari alimwambia atembee kila siku na anajitahidi. Siku hizi akipanda kile kimlima cha kutoka kituoni lazima asimame, ashike ukuta, ahemee pale. Kifua hakimuumi. Muuza vifaa vya mazoezi anatushawishi tununue mtungi mdogo wa oksijeni avute akitembea, eti na sukari itashuka. Bei imesimama. Kuna aliyewahi kuutumia?

MuuguziWaZamu: Pole dada, na msalimie mama. Hela usitoe. Hewa hii tunayovuta bure ina oksijeni kama asilimia 21, na mapafu yakiwa mazima inatosha kuijaza damu asilimia 95 na kuendelea. Ndoo ikishajaa, maji ya ziada yanamwagika tu. Mtungi ni wa yule ambaye oksijeni yake inashuka kweli, na anaandikiwa na daktari kama dawa. Sukari inashushwa na msuli unapofanya kazi, unaivuta kutoka kwenye damu.

Kinachonitisha ni huko kuhema. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu, mtu anaweza kuwa na shida ya moyo na kifua kisiume hata kidogo. Mpeleke wiki hii apimwe moyo, wingi wa damu na figo. Waulize na vitamini B12, metformini ya miaka mingi huipunguza.

Mzee wa Tegeta: Mbona baba yangu aliwekewa oksijeni wodini na akapata nafuu siku ileile?

MuuguziWaZamu: Alikuwa anaumwa nini, mzee wangu?

Mzee wa Tegeta: Nimonia.

MuuguziWaZamu: Basi ilimfaa, mapafu yake yalikuwa yameshindwa kazi.

BintiTemeke: Kile kipima oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 97, akiwa amekaa.

MuuguziWaZamu: Mpime na akitoka kutembea, kucha zisiwe zimepakwa rangi. Ila 97 isikupe usingizi: kwa ngozi zetu nyeusi kifaa hicho wakati mwingine kinasoma juu kuliko hali halisi, na hakijui kama damu ni pungufu.

Mpaka aonwe, kimlima aache, atembee tambarare polepole. Glibenklamaidi inaweza kuiangusha sukari njiani, kwa hiyo apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kitu kwanza, na mfukoni awe na glukosi. Akihema hata akiwa amekaa, hospitali usiku huohuo.

MamaNasra: Na kwenye nyumba yenye jiko la mkaa, mtungi huo ni hatari ya moto, mwanangu.

BintiTemeke: Ahsanteni sana. Muuzaji nimeshamkatalia. Kesho naomba ruhusa kazini, tunawahi foleni asubuhi.