Ohio: LLC ya mtu mmoja, wahudumu wanne. Bima ya fidia ya wafanyakazi ni lazima?

nyota_cincy
Habari zenu wakuu. Naandaa kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani hapa Cincinnati, LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo) ambayo mmiliki ni mimi peke yangu. Naanza na wahudumu wanne, wawili kati yao wa saa chache. Je, kwa idadi hii nalazimika kuwa na bima ya fidia? Wakala wangu wa bima ya gari anasema ataniwekea ndani ya bima ya biashara. Mwingine ananishauri niwalipe kwa 1099, yaani fomu ya kodi ya makandarasi huru, ili nisiguswe kabisa. Na mteja mmoja yuko ng'ambo ya mto, Covington, Kentucky.

karani_wa_mishahara
Dada Nyota, karibu. Ndiyo, ni lazima. Ohio haina idadi ya chini: mfanyakazi mmoja, hata wa saa chache kwa wiki, anatosha. Utasikia watu wakitaja dola 160 kwa robo mwaka. Hicho ni kipimo cha familia inayoajiri mtumishi wa nyumbani, kampuni yako haihusiki nacho.

Wakala wako hawezi kukuuzia. Ohio, North Dakota, Washington na Wyoming ndiyo majimbo manne ambako bima hii hununuliwa kwenye mfuko wa serikali tu. Kwenu ni BWC, ofisi ya serikali ya Ohio ya fidia ya wafanyakazi. (Kampuni kubwa zinaweza kuomba kibali cha kujibebea hasara zenyewe, kwa ukubwa wako sahau hilo.)

Jaza fomu U-3 mtandaoni na ulipe ada ya maombi, dola 120, ambayo hairudishwi. Fanya hivyo kabla mhudumu wa kwanza hajaingia kazini, kwa sababu bima huanza maombi na ada vikishapokelewa na hairudi nyuma kufunika ajali ya jana. Uwe na EIN (namba ya kodi ya mwajiri) na makadirio ya mishahara ya mwaka. Usiharakishe sehemu ya kueleza kazi. Kila aina ya kazi ina namba yake na bei yake kwa kila dola 100 za mishahara, kwa hiyo eleza hasa wanachofanya: kuogesha, kunyanyua mgonjwa, kupika, kuendesha gari. Kama una karani wa ofisini tu, mtenge, bei yake ni ya chini sana.

Wengi huanguka baadaye, wakishasajiliwa. Mwaka wa bima huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Unalipa kwa makadirio, kisha mwaka ukiisha unaripoti mishahara halisi. Ripoti hiyo inaitwa true-up na mwisho wake ni Agosti 15. Iripoti hata kama hukulipa mtu senti. Ukiiacha unapoteza punguzo. Ukichelewesha malipo bima inakatika, na mhudumu akivunjika mgongo katika siku hizo, BWC itamlipa yeye, halafu ikudai wewe dola kwa dola. Dai moja la upasuaji linaweza kuimaliza kampuni changa.

mjenzi_dayton
Kuhusu 1099: achana na ushauri huo, tafadhali. Kinachoangaliwa ni nani anaitawala kazi, hata kama mmesaini mkataba wa namna gani. Wewe ndiwe unayepanga zamu, unayechagua mteja na unayeeleza kazi ifanyweje. Hao ni wafanyakazi. Kwenye ujenzi sheria imeweka vigezo 20, na vikitimia 10 tu mtu ni mwajiriwa.

Tena, ukimpa kazi mkandarasi asiye na bima, watu wake wanaweza kuhesabiwa wako. Mdai cheti cha BWC, kisha hakikisha kwenye tovuti yao kwamba bado kiko hai, kabla ya kumlipa. Mwajiri aliyelipia bima analindwa asishtakiwe mahakamani kwa ajali ya kazini; asiyelipia hana kinga hiyo.

karani_wa_mishahara
Nimesahau mawili. Wewe mwenyewe hufunikwi moja kwa moja, maana LLC ya mtu mmoja huchukuliwa kama mfanyabiashara binafsi. Ukitaka kujiingiza, jaza U-3S. Na bima ya BWC haibebi dhima ya mwajiri, yaani kesi zinazopita nje ya mfumo wa fidia. Hapo ndipo wakala wako ana kazi: mwambie akuongezee stop gap kwenye bima ya biashara, kwa jina hilohilo.

nyota_cincy
Asanteni sana. Na Covington?

mjenzi_dayton
Safari ya muda mfupi bima ya Ohio inaweza kuifunika. Mhudumu anayekwenda Kentucky kila wiki ni jambo jingine: huko unahitaji bima ya Kentucky, ambayo kampuni binafsi zinaruhusiwa kuuza, au uombe BWC ile nyongeza yao ya majimbo mengine. Amua hili kabla hujampangia zamu ya kwanza.

Mtu akiumia, fomu ya kwanza ni FROI, yaani ripoti ya kwanza ya kuumia. Muda wa kudai ni mwaka mmoja tangu siku ya kuumia, lakini itume siku hiyohiyo. Siku saba za kwanza hazilipwi mpaka atimize siku 14 mfululizo nje ya kazi. Wiki 12 za mwanzo fidia ni asilimia 72 ya mshahara wake wa wiki, kwa hiyo rekodi zako za mishahara ziwe safi. Zikipishana na hundi ulizotoa, malipo yake yatakwama.