Nimelipa milioni mbili nipate nyumba janja, kumbe mjanja ni fundi

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe.

Usiku wa kuamkia jana, saa tisa kasoro, umeme ulikatika mtaani kwetu huku Goba, Dar es Salaam, ukarudi baada ya dakika kama kumi. Jambo la kawaida, hata mbwa hawashtuki tena. Ila uliporudi, balbu zangu tisa ziliwaka zote kwa mpigo, nyeupe pee, chumbani, sebuleni, korido, mpaka chumba cha wageni alikolala mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Mtoto akaamka analia. Nikakimbilia swichi ya ukutani. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha, kwa hasira tu, mara nne tano hivi. Balbu ya korido ikaanza kupepesa haraka haraka kama gari la wagonjwa. Mama mkwe akachungulia mlangoni kajitanda khanga, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, nyumba hii mliisomea dua kabla ya kuhamia?"

Nilikosa jibu, wakuu. Ningemweleza nini? Kwamba mkwe wake alitoa milioni mbili na ushee kwa hiari yake?

Nisiwachoshe. Nilichofungiwa ili nyumba iwe janja, yaani vifaa viendeshwe kwa simu, ni hizo balbu tisa, swichi za kugusa sita, kamera mbili, kitasa cha alama ya kidole mlango wa mbele, na swichi ya kuwashia pampu ya kisima kwa simu. Duka silitaji. Aliyefunga ni kijana wa hapo hapo dukani, mchangamfu, kila neno la tatu ni "bosi wangu".

Kwanza hizo balbu. Nimekuja kujua kwamba nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa hivi: umeme ukirudi, ziwake. Mpangilio huo unabadilika ndani ya programu ya simu, unachagua ikumbuke hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika, ikiwa ilizimwa ibaki imezimwa. Ni kazi ya nusu dakika kwa kila balbu. Fundi hakuigusa hata moja. La pili ndilo linalonikera zaidi: namna ya kuiriseti balbu hizi ni kuiwasha na kuizima mara tatu hadi tano mfululizo. Aliyebuni hilo bila shaka anaishi mahali umeme ukija umekuja. Huku kwetu umeme wenyewe ndio unaoriseti balbu. Ukipepesa mara tatu kabla ya kutulia, balbu inasahau wifi, inamsahau mwenye nyumba, inakaa hapo inapepesa ikisubiri kuunganishwa upya kama simu mpya. Ya jikoni nimeiunganisha upya mara sita tangu mfungo wa Ramadhani.

Basi asubuhi nikaingia kwenye programu nibadilishe huo mpangilio. Ikanigomea: mwenye nyumba pekee ndiye anayeruhusiwa.

Nikasoma mara mbili. Mwenye nyumba? Kiwanja kina jina langu, tokeni za umeme nanunua mimi, tofali nimefyatua kidogo kidogo miaka minne. Nikafungua orodha ya wanafamilia. Mimi, mwanafamilia wa kawaida. Mke wangu, mwanafamilia wa kawaida. Juu yetu, kwenye nafasi ya mwenye nyumba, barua pepe ya fundi!

Ndipo nikakumbuka siku ya kufunga. Alitumia simu yake kuunganisha kila kitu, mwisho akanitumia mwaliko: "Kubali hapo bosi wangu, tayari, nyumba iko mkononi mwako." Nikakubali huku natabasamu kama bwana harusi. Kumbe nimealikwa kama mgeni kwenye nyumba yangu.

Nikampigia. Akasema kuhamisha umiliki ni kazi, nitoe elfu hamsini ya usumbufu. Nikafunga simu, nikapanda bodaboda mpaka dukani, nikaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia siondoki. Akatoa simu kwa shingo upande, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka sasa. Alipofungua programu ikatokea orodha ya nyumba. Akawa anashusha kwa kidole kutafuta ya kwangu: Bosi Madale. Mama Kibada. Dokta Tegeta 2. Bosi Salasala geti jeusi. Alishusha, akashusha, kama mtu anatafuta namba ya zamani kwenye simu. Ya kwangu ilikuwa karibu na chini: "Goba mteremkoni". Nyumba za watu, na kamera za watu, kwenye simu moja iliyopasuka kioo.

Kamera yangu moja inatazama geti, nyingine iko sebuleni kwa ajili ya mtoto na dada wa kazi. Miezi minne. Sisemi alikuwa anatuchungulia, sina ushahidi. Nasema angeweza, muda wowote, akiwa kijiweni, na mimi nisijue. Kwa wanaosema nakuza mambo: nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha za familia yangu sebuleni kama si taarifa binafsi, sijui ni za nani.

Kuhamisha kwenyewe kulichukua dakika mbili. Elfu hamsini kwa dakika mbili! Walio kwenye hali kama yangu wasikilize: fungua kwanza akaunti yako kwa barua pepe yako, kisha fundi akuhamishie nyumba nzima akiwa amekaa mbele yako, naye ajitoe kwenye orodha huku unaona. Msidanganyike kwamba ukibonyeza kitufe cha kuriseti kwenye kamera umemtoa. Kamera nyingi zinafungwa na akaunti ya kwanza huko kwenye seva (kompyuta za kampuni), hata uiriseti mara kumi itasema ina mwenyewe. Lazima huyo wa kwanza aifute kwa mkono wake. Mkimaliza, badilini paswedi ya wifi, maana hiyo nayo anayo.

Na akaunti ilipokuja kwangu nikagundua lingine la kuchekesha kama lisingekuwa langu. Taa za nje nilimwambia aziweke ziwake saa kumi na mbili na nusu jioni, zizime saa kumi na mbili asubuhi. Miezi yote hiyo zilikuwa zinawaka saa saba na nusu mchana, jua la utosi, na kuzima saa saba usiku, wakati ule ule wezi wanaamka. Nilipolalamika alisema jua kali linachanganya sensa ya mwanga. Hazina sensa! Ndani ya programu mahali pa nyumba alipaacha China, na China iko mbele yetu saa tano. Kwa hiyo ikifika jioni Beijing, geti langu la Goba linawaka. Nimebadilisha mahali, zimenyooka siku hiyo hiyo.

Sasa swichi. Hapa sitamlaumu fundi peke yake, maana na nyumba zetu zina lake. Kwa nyaya za kwetu, fundi anashusha laivu (waya unaoleta umeme) mpaka kwenye swichi na kuipandisha tena kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, inabaki juu darini. Swichi ya kawaida haina shida na hilo, ni daraja tu, linafunga na kufungua. Swichi janja ni kompyuta ndogo, inataka umeme muda wote hata taa ikiwa imezimwa. Zile zinazouzwa kama "hazihitaji nyutro" zinauiba umeme huo kwa kuupitisha kidogo kidogo kwenye balbu. Ukiwa na balbu ya LED ya wati tano, hicho kidogo kinatosha kuifanya iwe na mwanga hafifu usiku kucha, au ipepese. Taa ya choo changu inapepesa tangu siku ya kwanza. Ukiingia pale saa nane usiku unadhani uko disko.

Dawa ipo, na ndiyo inayonichoma. Ni kepesita ndogo inayofungwa juu kwenye taa, sambamba na balbu, ule umeme wa kuibwa upite hapo badala ya kuiwasha balbu. Swichi nyingi za aina hii zinakuja nayo ndani ya boksi. Namkumbuka kijana alivyokitoa hicho kidude cheusi chenye waya mbili, akakigeuza geuza, nikamuuliza ni cha nini. "Hiki cha nchi za baridi bosi wangu, huku hakihitajiki." Akakitia kwenye mfuko wa takataka pamoja na plastiki. Vidude sita. Wanaojenga sasa hivi, mwambieni fundi wenu ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ya plasta, gharama yake ni waya tu.

Pampu. Hii ilinipa hasara ya fedha. Pampu yangu ni ya hosipawa moja, ikizunguka inakula ampea tano sita tu. Swichi imeandikwa ampea kumi na sita, kwa hiyo kwenye karatasi mambo safi. Lakini mota inapoanza inavuta mara tano, sita, hata saba ya hapo kwa kitambo kidogo, na kila ikianza cheche zinakula zile ncha ndani ya rilei, kile kidude cha ndani ya swichi kinachofunga na kufungua umeme. Mwezi wa tatu ncha zikagandana. Nilizima kwa simu nikiwa kazini, simu ikasema imezimwa. Narudi jioni nakuta maji yanamwagika kutoka kwenye simtenki, ukuta wa jirani umeloa, mzee wa watu amesimama na ndala mkononi ananisubiri. Nilimwomba radhi mpaka nikapiga goti. Fundi mwingine, mtu mzima wa mota, aliangalia akacheka tu: swichi ya namna hii haibebi mota, inawasha kontakta tu, ile swichi nzito ya mota, na kontakta ndiyo ibebe mota. Akafunga kontakta, akatia na boya ndani ya tenki likate umeme likijaa, hata simu iseme nini. Haijasumbua tena.

Kitasa nitakisema kwa kifupi kwa sababu kosa lilikuwa nusu langu. Betri ziliisha saa nne usiku, ufunguo wa chuma uko ndani kwenye droo. Tuliingia kwa dirisha la jiko, mimi na umri huu. Wiki iliyofuata ndiyo nikaona kwamba chini ya kitasa kuna vitobo viwili vya kugusisha betri ya mraba ya volti tisa kutoka nje, kinapata uhai unafungua. Vingine vina tundu la chaja, pawabenki inatosha. Hakuna aliyenionyesha. Na ule ufunguo wa chuma sasa uko kwa dada yangu.

Wifi nayo: vifaa hivi karibu vyote vinakaa kwenye masafa ya wifi ya GHz 2.4 tu, ruta mpya zinachanganya 2.4 na 5 kwa jina moja, simu yako iko kwenye 5, kuunganisha kunagoma. Tenganisha majina, au zima ile ya 5 kwa muda. Ukibadilisha ruta, ipe jina lile lile na paswedi ile ile ya zamani, vifaa vitarudi vyenyewe bila kupanda ngazi.

Nilimuuliza muuzaji siku ya kununua, intaneti ikikatika je? "Haikatiki bosi wangu." Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika, nusu ya nchi ikabaki inatazamana. Mtu anakwambia haikatiki na wewe unatoa pesa. Ukibonyeza "washa" kwenye simu, mara nyingi amri inasafiri mpaka seva ya ng'ambo ndipo irudi kuwasha taa iliyo mita mbili juu ya kichwa chako. Na kampuni ikifunga seva siku moja, mwisho wa habari. Wamarekani waliliona kwa vifaa vya nyumba janja vya Revolv mwaka 2016, wakaliona tena kwa vya Insteon Aprili 2022, vifaa vya bei kubwa vikageuka mapambo ya ukutani. Kuna mdau aliwahi kueleza humu jinsi ya kutumia programu ya Home Assistant, kila kitu kinaendeshwa na kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba yako. Naomba arudi, safari hii nitasoma mpaka mwisho.

Maswali mawili. Zile kepesita, kuna anayejua duka Kariakoo linaziuza peke yake bila swichi? Nahitaji sita. Na la pili: kama nawe ulifungiwa na kijana wa "bosi wangu", fungua programu sasa hivi, ingia kwenye orodha ya wanafamilia, tazama nani yuko juu.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mdau mmoja wa Madale kaniandikia pembeni. Kafungua orodha yake, barua pepe ni ile ile. Anauliza kama namba ya kijana ninayo. Ninayo mkuu, ila tangu saa kumi jioni haipatikani.