Euphorbia stellata: lile kiazi lake nilifukie au nilitoe juu?

miba_tu: Wakuu habari zenu. Nimepata mche wa Euphorbia stellata, ile ya Eastern Cape kule Afrika Kusini, matawi bapa yanatambaa kama riboni, michoro myeupe katikati na miba miwili miwili pembeni. Kwenye picha za watu naona kiazi kimesimama juu ya chungu kizima kizima, wangu umefukiwa mpaka shingoni yanaonekana matawi tu. Nifukue? Na maji vipi, maana nauogopea kuoza.

kokoto: Acha kwanza mkuu. Porini ndo unakaa hivyohivyo, shina na mzizi vimeungana vikawa kitu kimoja kinene chini ya udongo kinachotunza maji, juu yanabaki matawi, na kikiwa kimefukiwa kinanenepa haraka kuliko kikiwa wazi. Wanaokitoa nje wanataka urembo, si vibaya, ila subiri kinenepe, halafu kila ukibadilisha udongo unakipandisha kidogokidogo.

Mama Bustani: Hapo kwa kokoto nakubali nusu. Chungu si porini, kinashika unyevu hasa cha plastiki, na pa kuoza kwanza ni pale shingoni matawi yanapotokea. Kwa hiyo mwanangu kiazi kibaki chini lakini shingo iachie hewa, izungushie changarawe badala ya udongo. Udongo wenyewe nusu au zaidi uwe kokoto ndogo au pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu. Maji mwaga mpaka yatoke chini, kisha usiguse tena mpaka pakauke kabisa hadi ndani, na msimu wa baridi mmea ukiwa umelala, yaani haukui, karibu usimwagie kabisa. Bonyeza kiazi kwa kidole: kikiwa kimenywea kidogo kina kiu tu, kikiwa kinabonyea kama nyanya iliyoiva hapo kimeoza, wahi kukata sehemu mbovu yote.

jani_bapa: Na ukikata vaa glavu na miwani jamani, utomvu wake mweupe ni sumu kama wa mnyaa, ukiingia jichoni ni hospitali. Kidonda kiache kikauke siku kadhaa ndo upande. Swali, ni wa mbegu au wa kipandikizi? Maana kipandikizi kinashika vizuri tu ila mara nyingi kinatoa mizizi minene kadhaa, hupati lile kiazi moja la maana.

miba_tu: Wa mbegu. Shingo naifukua leo, kiazi kinabaki chini. Asante Mama, asanteni wote.