Programu za Linux: zifungwe na distro au na mwandishi mwenyewe?

Mzigo_Mwepesi: Wakuu, heshima kwenu. Toka Ubuntu 22.04, ukiandika `apt install firefox` unaletewa deb (kifurushi cha Debian na Ubuntu) ambayo ndani haina Firefox. Kazi yake ni kuiamsha snapd ikashushe snap, kifurushi cha aina nyingine kinachotoka duka la Ubuntu. Linux Mint waligoma mapema, toleo la 20 mwaka 2020, wakaweka `/etc/apt/preferences.d/nosnap.pref` ili snapd isiingie kinyemela. Hoja yangu: programu za mezani ziendelee kufungashwa na distro (mfumo kamili kama Ubuntu au Debian), au mwandishi azifunge mwenyewe kwa snap, Flatpak ama AppImage? Mimi niko upande wa mwandishi. Kifurushi kikipitia Debian stable unakula kiporo cha miaka miwili, na pale katikati yupo karani wa kugonga mihuri tu.

Kijiti: Karani? Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Chukua deb yoyote, piga `ar t`, utaona vitu vitatu: debian-binary, control.tar na data.tar. Hilo ni ganda. Kazi iko kwenye folda ya `debian/`: vitegemezi na matoleo yake, leseni za faili moja moja, viraka vya usalama vinavyorudishwa kwenye toleo la zamani bila kulibadilisha tabia, na `postinst` (hati inayoendeshwa baada ya kusakinisha) ambayo ikikosea mstari mmoja inamkwamisha kila mtu, hata `dpkg --configure -a` inagoma. Heartbleed, tundu la usalama kwenye OpenSSL (maktaba ya usimbaji), ilipoibuka Aprili 2014, ilibadilishwa libssl moja, ukawasha upya Apache na Postfix, kwisha. Ila uziwashe kweli, maana mchakato unaoendelea unang'ang'ania maktaba ya zamani hata faili likishafutwa. `lsof | grep DEL` itakuonyesha. Sasa niambie, AppImage kumi zenye libssl zao tumboni anazitibu nani?

Bando_Limekata: Nje ya mada kidogo. Kifurushi ni cha MB 500 kwa siku. Hiki chenu kiiteni deb au paketi, watu tunashtuka.

Pweza_Mkavu: Kijiti umeshika 2014 ukairuka 2006. Karani wako wa Debian alizima mistari ya OpenSSL kwa sababu Valgrind (kifaa cha kukagua kumbukumbu) ililalamika kuhusu kumbukumbu isiyojazwa. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya karata ili funguo za siri zisikisiwe. Kilichobaki ni namba ya mchakato, yaani funguo 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Hali hiyo ilidumu mpaka tangazo la 13 Mei 2008. Mtu aliweza kuzitengeneza zote akaziweka kwenye flashi. Kiraka kile hakikuandikwa na mwandishi wa OpenSSL.

Kijiti: Punguza povu, soma. Aliuliza kwanza kwenye orodha ya barua ya OpenSSL, na aliyemjibu hakumzuia. Aliyeligundua tatizo, Luciano Bello, naye ni mtu wa Debian. Wewe unayewaamini waandishi, xz (programu ya kubana faili) unaiweka wapi? Matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mwaka 2024, mlango wa nyuma umetiwa na mtunzaji wa mradi mwenyewe. Kwa huo utaratibu wenu wa moja kwa moja ungeupata siku hiyohiyo. Kiporo cha Debian stable ndicho kilichosalimika.

Pweza_Mkavu: Umejifunga goli. xz ilifikaje kwenye sshd (seva ya ssh, ya kuingia mashine kwa mbali)? OpenSSH inayotoka kwa watu wa OpenBSD haigusi liblzma (maktaba ya xz) kabisa. Distro ndizo zilizobandika kiraka ili sshd iiambie systemd (msimamizi wa huduma) "nimeshawaka". Kiraka kikavuta libsystemd, libsystemd ikavuta liblzma. Toka OpenSSH 9.8 taarifa hiyo inatumwa na mistari michache ya ndani, bila libsystemd. Karani alitoboa ukuta, mwizi akapita.

Kijiti: Na mwizi alikuwa nani? Hujajibu.

Pweza_Mkavu: Nimejibu, ila jibu hulitaki.

Mama_Makefile: Mnagombania jeneza, maiti iko kwingine. Faili lililowasha mtego, `build-to-host.m4` iliyochezewa, halikuwemo kwenye git (hazina ya msimbo); lilikuwa ndani ya tarball (bunda la msimbo) ya toleo tu. Mzigo wenyewe ulifichwa kwenye faili za majaribio, ambazo kwa asili ni takataka, hakuna anayezisoma. Anayefunga deb kwa tarball ile na anayefunga snap kwa tarball ile wanabeba nyoka mmoja. Msidhani `autoreconf -fi` ingesaidia: faili lile lilijipa namba ya serial kubwa kuliko la asili, hivyo vifaa vikaliona jipya vikaliacha. Dawa ni kujenga kutoka git, au kutoa `git archive` ya tag ileile na kupiga `diff -r` dhidi ya tarball. Andres Freund, msanidi wa PostgreSQL, aliinusa kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde. Si distro iliyoikamata, wala duka.

Mzigo_Mwepesi: Mmeniacha stendi. Swali lilikuwa Firefox na wenzake. AppImage haitaki karani wala duka: shusha, `chmod +x`, endesha.

Spana_Kumi: Mkuu, endesha hiyo kwenye Ubuntu 22.04 iliyotoka kuwekwa uone: inalilia `libfuse.so.2`. Haiji na mfumo tena. Weka `libfuse2` (kwenye 24.04 jina limegeuka `libfuse2t64`), au ikwepe kwa `--appimage-extract` halafu `squashfs-root/AppRun`.

Kubwa zaidi ni glibc (maktaba ya msingi ya C), ambayo kwa kawaida AppImage haiibebi. Ukijenga kwenye 22.04 yenye glibc 2.35, ukampa mtu wa 20.04 yenye 2.31, atakutana na `GLIBC_2.34 not found` hata kama programu ni mistari mitatu. Sababu: 2.34 iliimeza libpthread ndani ya libc, na `__libc_start_main` ikapewa toleo jipya. Kila programu ya C inaanzia hapo. Kabla hujaisambaza:

`objdump -T ./programu | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1`

Jenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayoilenga. Glibc mpya inazipokea programu za zamani, ya zamani haizipokei mpya.

Bando_Limekata: Na hakuna aliyetaja bei. Snap ya Firefox inazidi MB 200, na chini yake inataka snap ya msingi (core) na ya GNOME, hiyo ya GNOME peke yake karibu MB 500. Maabara ya chuo yenye mashine 30, kila moja inakwenda dukani kivyake. Halafu snapd inachungulia masasisho kila siku bila kukuuliza.

Kijiti: Mara nne kwa siku. Toka snapd 2.58 unaisimamisha kwa `snap refresh --hold firefox`, na ukitaka saa tu, `--hold=72h`.

Mzigo_Mwepesi: Bando unatia chumvi. Baada ya mara ya kwanza mara nyingi inashushwa tofauti tu, si faili zima. Na mashine moja inatosha kwenda dukani: `snap download firefox` inakupa faili mbili, .snap na .assert. Kwenye nyingine unapiga `snap ack` kwa .assert kwanza, ndipo `snap install` kwa .snap, ukiruka ack itakataa mpaka uilazimishe kwa `--dangerous`. Usisahau kuzibeba core na gnome vilevile. Flatpak nayo ina `flatpak create-usb`.

Bando_Limekata: Firefox inatoka kila wiki nne. Nitembee na flashi kwenye mashine 30 kila mwezi?

Mama_Makefile: Hutembei. Toka Firefox 122, Januari 2024, Mozilla wenyewe wana repo (hifadhi ya vifurushi) ya apt: mwandishi huyo na deb hiyo, mnagombana bure. Weka apt-cacher-ng (kashe ya deb: inashusha mara moja, inagawa kwa wote) kwenye seva ya maabara, na kwenye kila mashine mstari mmoja ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Bando_Limekata: Repo ya Mozilla ni https. Kashe itajibu 403, CONNECT denied.

Mama_Makefile: Ndiyo, njia ya https kaifunga. Ukiifungulia kwa `PassThroughPattern` itapita lakini haitahifadhiwa, umerudi kwenye kushusha mara 30. Andika anwani hivi kwenye sources: `http://HTTPS///packages.mozilla.org/apt`. Mashine inaongea http na kashe, kashe inaongea https na Mozilla.

Hapo utavunja kitu kingine. Maelekezo ya Mozilla yanasema `Pin: origin packages.mozilla.org`, na origin kwa apt ni jina la seva lililo kwenye anwani. Sasa jina hilo ni "HTTPS", pin (kanuni ya kipaumbele) haishiki. Na firefox ya Ubuntu imepewa epoch (namba ya mbele inayoshinda toleo), `1:1snap1`, kwa hiyo apt inaiona mpya kuliko 122 na utarudishiwa snap. Badala ya kuipandisha ya Mozilla, izuie ya Ubuntu:

`Package: firefox`
`Pin: release o=Ubuntu`
`Pin-Priority: -1`

Iondoe kwanza ile deb tupu kwa `apt remove firefox`, maana -1 haiondoi kilichokwisha kuwekwa. Snap yenyewe ni `snap remove firefox`.

Pweza_Mkavu: Http bila s ndani ya maabara ya wanafunzi. Hongera.

Mama_Makefile: Faili la InRelease lina saini ya GPG inayopimwa na ufunguo uliouweka kwenye `signed-by`. Ndani yake kuna SHA256 ya orodha ya Packages, na ndani ya Packages kuna SHA256 ya kila deb. Mwanafunzi akibadilisha baiti moja njiani, apt inasema `Hash Sum mismatch` na kukataa. Atakachokiona ni kwamba umeshusha Firefox.