Je, kudai haki yangu kazini ni kukosa uvumilivu wa Kikristo?

Dada wa Stoo, Moshi

Bwana Yesu asifiwe. Ninatunza stoo katika kampuni moja ya utalii hapa Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na kazi yangu ni kutoa na kupokea mahema, magodoro, mifuko ya kulalia na mitungi ya gesi kila msafara unapopanda na kushuka. Tangu msimu wa Juni uanze, kila kifaa kinachopotea au kuchanika mlimani kinakatwa kwenye mshahara wangu, ingawa mimi sipandi mlima na daftari la stoo linaonyesha wazi jina na sahihi ya aliyekichukua. Mwezi uliopita nilikatwa karibu nusu ya mshahara kwa ajili ya mahema mawili yaliyokabidhiwa kwa kiongozi wa msafara ambaye ni shemeji yake msimamizi. Nilipouliza, msimamizi alinijibu mbele ya wapagazi kwamba mlokole hapaswi kugombania fedha.

Neno hilo liliniumiza kuliko makato yenyewe, kwa kuwa hata katika jumuiya yetu nilisomewa 1 Petro 2:18, kwamba watumishi wawatii hata mabwana walio wakali, nikaambiwa ninyamaze na kumwachia Mungu. Sitaki kulipiza kisasi, na watoto wangu bado wanasoma, hivyo siwezi kuichezea kazi hii. Je, nikilalamika kwa njia rasmi nitakuwa nimeikosea imani yangu?

Mama wa Njiro, Arusha

Pole sana, mdogo wangu. Mimi niliwahi kunyimwa cheo nilichostahili, nikaamua kunyamaza na kuomba, na hatimaye Mungu alinifungulia mlango wa kazi nyingine nikaondoka bila uchungu na mtu. Sisemi kwamba usiseme kabisa, lakini nimeona wengi walioanza kwa kudai haki wakaishia kwenye chuki na masengenyo ya ofisini, hata kuomba kukawashinda. Chunguza kwanza moyo wako, kisha uamue.

Mzee wa Kanisa, Machame

Mwanangu, andiko ulilosomewa ni la kweli, ila uliishia njiani. Petro aliwaandikia watumwa wa nyumbani katika dola ya Kirumi, watu waliohesabiwa kuwa mali ya mabwana zao na ambao hawakuwa na mkataba wala pa kumshitaki bwana. Hao aliwafariji kwamba Mungu anayaona mateso yao, wala hakumhalalishia bwana ukali wake. Tena mistari michache tu kabla ya hapo, katika 2:13-14, anawaagiza waumini wote watii mamlaka zilizowekwa ili kuwaadhibu watenda mabaya. Mwajiri wako naye yuko chini ya mamlaka hizo, na anayezipelekea jambo lake kwa utaratibu halali hajaasi agizo la Petro.

Tazama pia kile ambacho Kristo alijizuia nacho katika mstari wa 23: hakurudisha matukano, wala hakutisha. Lakini alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aliuliza kwa utulivu, kama amesema vibaya aonyeshwe ubaya huo, na kama amesema vema, kwa nini anapigwa (Yohana 18:23). Naye Paulo, huko Filipi, alipoambiwa atoke gerezani kimya kimya, alikataa. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, basi waliowafunga waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:37). Wewe nawe umeadhibiwa bila kusikilizwa.

Mama wa Njiro amesema vema kuhusu moyo, na onyo lake nalikubali. Hata hivyo, ukinyamaza na kuondoka, binti atakayeshika daftari hilo baada yako atakatwa vilevile, na msimamizi ataendelea kutenda dhambi bila mtu wa kumwonya. Yakobo 5:4 inasema kilio cha ujira uliozuiliwa humfikia Bwana. Naona ni upendo kumwambia mtu jambo hilo mapema.

Mjumbe wa Tawi la Wafanyakazi, Moshi

Dada, nitajibu upande wa sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya hasara anavyopenda. Ni lazima uwe umekubali makato hayo kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa maelezo yako, hakuna hata sharti moja lililotimizwa.

Anza na barua ya heshima kwa mkurugenzi, ukiambatanisha nakala za kurasa za daftari na hati za mshahara, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Huko shauri huanza kwa usuluhishi wa mezani, na hakuna ada. Usikawie, kwa sababu mgogoro usio wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 60. Kuhusu hofu yako, sheria hiyo hiyo haikubali kwamba kutumia haki yako ni sababu halali ya kukuachisha kazi.

Dada wa Stoo, Moshi

Nawashukuru sana, hasa Mzee, kwa kunisomea andiko lote. Barua nitaiandika wiki hii, na kwanza nitamwambia msimamizi uso kwa uso kwamba naipeleka, ili asije akaisikia kwa wengine. Habari ya ushemeji sitaiandika, kwa kuwa sina ushahidi kwamba ndiyo sababu ya yote haya. Nitaandika tarehe, vifaa, na majina na sahihi zilizomo kwenye daftari.